Upande mweusi wa reflekta: tathmini ya kifaa cha shilingi 95,000

Reflekta (kitambaa cha wapigapicha cha kurudisha au kuzuia mwanga) ya duara ya sentimita 110, ile ya pande tano katika mfuko mmoja, imebadilisha picha zangu za nyeusi na nyeupe kuliko lenzi yoyote niliyowahi kununua. Haina jina kubwa. Katika duka nililoinunua, katikati ya Kampala, zilitundikwa nyingi zinazofanana kabisa, kila mfuko na chapa yake. Nilipatana na muuzaji mpaka shilingi 95,000, nikaibana chini ya kiti kwenye basi la usiku, na alfajiri tulipovuka mto Nile pale Pakwach nilikuwa nimeshapanga nani nitampiga picha wa kwanza.

Wapigapicha wengi hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wanayo. Wanatumia upande wa fedha kurudisha jua usoni kwa bibi harusi, basi. Upande mweusi wengine wanaudhani ni mgongo wa kitambaa tu, wa kukinga uchafu. Mimi nakuja kuutetea huo mweusi, maana kwa picha isiyo na rangi ndio uliobeba thamani ya pesa yote.

Ndani kuna pete ya chuma chembamba cha springi iliyowambwa kitambaa cheupe chepesi kinachopitisha mwanga. Juu yake unavalisha foronya yenye zipu. Upande mmoja wa foronya ni fedha na wa pili ni mweusi. Ukiigeuza ndani nje unapata dhahabu na nyeupe. Ukiipinda vizuri inajikunja na kuwa duara dogo la sentimita 40 hivi, unaitia mgongoni na kupanda nayo boda. Haihitaji umeme wala betri, na kwetu hilo si jambo dogo. West Nile, mkoa wetu huu, ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, na sisi tuliojifunza kazi wakati huo tulijifunza kwa jua. Hata leo nikienda Koboko au Yumbe kuwapiga wazee majumbani kwao sibebi taa. Nabeba kamera, lenzi ya milimita 85, reflekta, na mpwa wangu wa kuishika.

Mchana, mahali pazuri pa kumpiga mtu picha huku kwetu ni kivulini: barazani, chini ya mwembe, ukutani upande usio na jua. Kila mpigapicha anajua hivyo na ni sahihi, kwa sababu jua la saa saba huku linasimama utosini na kuyageuza macho kuwa mashimo mawili ya giza. Lakini kivuli nacho kina shida yake. Mwanga wake unatoka kila upande: angani, kwenye ukuta uliopakwa chokaa, kwenye mabati ya jirani, ardhini. Unauzunguka uso mzima kwa kiasi kilekile. Katika picha ya rangi hilo halisumbui sana, maana rangi zenyewe zinatenganisha vitu. Kahawia ya ngozi haiwezi kupotea ndani ya kijani cha majani. Ondoa rangi, na shavu, shingo na majani yale yote yanaweza kuangukia kijivu kimoja. Uso unalala. Pua haijulikani inaanzia wapi.

Katika nyeusi na nyeupe uso hujengwa na tofauti kati ya sehemu yenye mwanga na sehemu yenye kivuli. Na pale ambapo mwanga tayari unatoka kila upande, kuongeza mwingine hakukupi kivuli. Unakipata kwa kuupunguza upande mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya kitambaa cheusi: kinaumeza mwanga ambao ungelirudia shavu kutoka upande ule.

Nilimpiga Hajati mmoja wa mtaa wetu, mama wa Kinubi, amevaa gurbaba, vazi la wanawake wa Kinubi, na amekaa barazani pake, tabaga (sinia za kusuka) alizozisuka mwenyewe zimepangwa pembeni. Kulia kwake kulikuwa wazi kuelekea uani. Kushoto kulikuwa na ukuta mweupe uliokuwa unarudisha mwanga wote uliopita mbele yake. Nikamwambia mpwa wangu aingie katikati ya Hajati na ukuta na ule upande mweusi, karibu nusu mita kutoka shavuni, nje kidogo ya fremu.

Hajati akacheka. "We mtoto, baibui la nani hilo unanifunika nalo?"

"Samahani, Hajati, ni la kupunguza mwanga kidogo tu."

"Mwanga unapunguzwa, halafu picha inatoka wapi?"

Ikatoka. Shavu la kushoto lilishuka kama stopu moja na nusu hivi (kila stopu unayoshuka mwanga unapungua kwa nusu), mfupa wa shavu ukajitokeza, na ule mstari unaoshuka kutoka puani hadi kwenye pembe ya mdomo, mstari wa mtu aliyecheka miaka mingi, ukaonekana wote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia kijana arudi nyuma mita mbili, kivuli kikayeyuka. Akasogea tena, kikarudi. Nguvu yote ya kifaa iko kwenye umbali huo: kwa sentimita 40 giza ni zito, kwa mita moja ni la upole, zaidi ya hapo unamchosha msaidizi bure. Sijui taa ya bei hii inayokupa udhibiti wa namna hiyo kwa kusogeza hatua moja.

Tabaga zilinifundisha jambo la pembeni ambalo nalisema hapa kwa faida ya wanaopiga kazi za mikono. Kwa macho ni nyekundu kali na kijani kali. Katika nyeusi na nyeupe zilitoka kijivu karibu kilekile, urembo wote ukapotea. Rangi hazikuweza kusaidia, kwa hiyo nilizisimamisha ubavu, mwanga wa uani ukapita juu yake kwa kukwaruza, na kila msuko ukatupa kivuli chake kidogo. Hajati alipoona kwenye skrini aliugusa msuko kwa kidole, akaanza kunieleza jinsi alivyoanza kusuka. Picha niliyoichapisha ni ya wakati ule anaeleza.

Kuna kazi nyingine ya upande mweusi ambayo kwa mkoa wetu ni ya lazima. Ardhi yetu ni nyekundu. Jua likipiga uani, udongo unarusha juu mwanga mwekundu, unaingia chini ya kidevu, chini ya nyusi na kwenye matundu ya pua. Kwa macho huuoni sana. Lakini kamera ya dijitali inarekodi nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, na wakati wa kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe unachagua kila moja ichangie kiasi gani. Ukiipandisha nyekundu ili ngozi ing'ae, mwanga wa udongo nao unapanda. Kidevu kinakuwa cheupe kuliko paji la uso, na mtu mwenye sura ya heshima anaonekana kama amemulikwa tochi kutoka chini. Laza upande mweusi chini mbele ya miguu yake na hilo linakoma papo hapo. Kwa mtu aliyesimama, sentimita 110 hazitoshi kufunika eneo lote, kwa hiyo wazee nawaketisha.

Kuhusu hizo rangi tatu, kila ngozi ya binadamu inarudisha nyekundu nyingi zaidi kuliko bluu. Ukitegemea nyekundu, ngozi inalainika na kuwa nyepesi. Ukitegemea bluu, inazama na kila kunyanzi, kovu na kinyweleo kinajitokeza. Filamu za zamani za okthokromatiki, zisizoiona nyekundu, zilikuwa zinafanya hivyo zenyewe, na ndiyo sababu sura za watu kwenye picha kuukuu sana zina uzito ule. Kwa mzee mstaafu wa jeshi niliyempiga Koboko nilishusha nyekundu, nikapandisha kijani na bluu kidogo. Kovu la kwenye nyusi lilitoka wazi. Alilitazama muda mrefu, akasema, "Hapo umenipiga mimi." Lakini hili linafanya kazi pale tu mwanga ulipopangwa tangu mwanzo. Ukiubonyeza uso uliolala kwa kompyuta, unapata uso uliolala wenye madoa.

Kwenye mitandao nakutana sana na ushauri kwamba ngozi nyeusi inahitaji mwanga mwingi. Naupinga kwa moyo wote, kwa sababu umewafanya vijana wengi wawapigie watu wetu flashi usoni mpaka wanakuwa kijivu cha majivu. Ngozi inarudisha mwanga kwa njia mbili. Mwanga mmoja unaingia ndani kidogo, unatawanyika na kutoka. Huo ngozi nyeusi inaumeza kwa wingi. Mwingine unateleza juu ya ngozi na kuondoka bila kuingia. Huo hauitegemei rangi ya ngozi. Kwa mtu mweusi, basi, mng'ao wa juu ndio unaobeba sehemu kubwa ya umbo: paji, mgongo wa pua, mfupa wa shavu, mdomo wa chini. Na mng'ao ni taswira ya chanzo cha mwanga. Chanzo kikiwa kidogo, unapata nukta kali ya jasho. Kikiwa kipana na kikatokea ubavuni, unapata ukanda mrefu, laini, unaofuata mfupa. Ua wazi wa Hajati ulikuwa chanzo kipana cha mita kadhaa. Kitambaa cheusi upande wa pili kikaufanya ukanda ule uwe na mwisho. Hizo mbili pamoja, chanzo kipana na giza lililo karibu, zinatosha kwa picha nzuri ya mtu mweusi, na zote mbili nilizipata bila umeme.

Kipimo cha mwanga pia ukiangalie. Kamera inadhani kila kinachopimwa ni kijivu cha katikati, kile kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Ukiipimisha kwenye uso mweusi peke yake inaupandisha. Ukiiachia ipime kanzu nyeupe na ukuta wa chokaa inauzamisha uso. Mpigapicha wa Marekani Ansel Adams, katika mpango wake wa zoni, yaani ngazi za kijivu kutoka giza hadi nyeupe ambapo V ndiyo katikati, aliiweka ngozi ya Kizungu zoni ya VI, juu ya katikati. Ngozi zetu nyingi zinakaa vizuri kwenye IV au V. Mimi napima usoni, upande wenye mwanga, kisha nashusha kati ya nusu stopu na stopu moja. Kanzu ikiungua kidogo begani, yaani ikawa nyeupe tupu, naivumilia kuliko uso kupotea.

Sasa pande nyingine. Fedha ina nguvu, na kwa nyeusi na nyeupe ina nafasi moja ninayoipenda kweli: nyuma ya mtu, ubavuni, ikilikamata jua na kulirudisha kwenye ukingo wa taya na nywele. Nywele nyeusi mbele ya mlango wa giza hupotea kabisa; mstari mwembamba wa mwanga wa fedha unazirudisha. Mbele ya uso siitumii. Inamkunjisha mtu macho, na kwa mzee mwenye mtoto wa jicho ni mateso. Nimeona wazee wakivumilia kwa heshima tu machozi yakiwatiririka, na inaniuma kila nikiona. Nyeupe ni ya upole, naiweka mapajani mwa anayepigwa ikiwa macho yamezama, na inatia nukta ya uhai kwenye mboni. Dhahabu haina kazi kwangu.

Kile kitambaa cha ndani kinachopitisha mwanga kinastahili maneno zaidi kidogo. Ukikosa kivuli, kama sokoni au kwenye uwanja wa mpira, mpwa anakiinua juu ya kichwa cha mtu, kati yake na jua. Jua linageuka kuwa dari laini, na macho yanafunguka. Kwenye hii yangu kinapunguza kama stopu moja na kidogo. Lakini mtu anakuwa gizani kuliko kilichopo nyuma yake, na ukimrudisha kwa kipimo, nyuma kunaungua. Hakikisha nyuma yake kuna kitu cheusi: mlango wa duka, mti, lori. Na kitambaa kiwe karibu na kichwa, nusu mita ikiwezekana. Kikiinuliwa juu sana kinakuwa chanzo kidogo, na ule ugumu wa jua unarudi.

Kasoro zake zipo na ni za kweli. Zipu ya foronya ni dhaifu. Yangu ilianza kukwama mapema, fundi cherehani wa sokoni akaniwekea nyingine. Upepo wa Januari na vumbi lake unaifanya kuwa tanga. Bila mtu wa kuishika inaruka, na kishikio cha kuifunga kwenye stendi kinauzwa peke yake. Nyeupe yangu imekuwa rangi ya udongo na haitoki kwa sabuni. Lakini kasoro kubwa iko kwenye upande ninaousifu: kitambaa chake cheusi ni cha nailoni chenye mng'ao. Kivulini kinafanya kazi vizuri, lakini kikipigwa na jua moja kwa moja kinarudisha mwanga wa kijivu, na nusu ya faida inaondoka. Nimekishonea juu yake pamba nyeusi isiyong'aa. Mahameli nyeusi ingekuwa bora zaidi, maana manyoya yake yanaukamata mwanga, ila ni nzito na inavuta vumbi vibaya. Ningependa sana watengenezaji waache kuweka dhahabu na hela hiyo waiweke kwenye mweusi wa kweli.

Kuna wenzangu wa Kampala wenye flashi za studio na softiboksi (masanduku ya kitambaa ya kulainisha mwanga) za sentimita 120 ambao wananiuliza kwa nini nahangaika na kitambaa. Hata studioni kitambaa hiki kinahitajika. Chumba kidogo chenye kuta nyeupe na dari ya chini kinafanya kama baraza la Hajati: flashi moja inagonga kuta zote na kurudi. Nilipokodi chumba cha namna hiyo mjini, chenye vifaa vizuri na mhudumu mwenye adabu, picha za kwanza zilitoka bapa mpaka niliposimamisha reflekta kwenye kiti, mweusi ukiangalia shavu. Mhudumu alisogea kuangalia skrini, kisha akaenda kuleta shuka nyeusi kutoka stoo tukafunika ukuta wa pili.

Na kazi ya mwanga wa mchana si kazi ya umaskini. Seydou Keïta, mpigapicha wa Mali, alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, na picha zake nyingi alizipiga uani kwa mwanga wa jua, kitambaa kimetundikwa nyuma. Irving Penn, mpigapicha wa Marekani aliyekuwa na uwezo wa kununua taa yoyote duniani, alikwenda Dahomey (sasa Benin) mwaka 1967 na hema la studio ambalo mwanga wake ulikuwa wa mchana tu. Hapa Uganda alikuwapo Musa Katuramu, aliyewapiga watu wa magharibi ya nchi tangu miaka ya 1930, na nyingi ya picha zake ni za nje. Ukizitazama kwa makini utaona hawakutafuta mwanga mwingi. Walichagua mtu ageukie wapi.

Kwa nani, basi? Kama kazi yako ni harusi na picha za rangi za pasipoti, utaridhika nayo, ila upande mweusi utautumia mara chache. Kama unawapiga watu kwa nyeusi na nyeupe, hasa watu wazima wenye nyuso zilizoishi, inunue kabla ya taa, kabla ya lenzi mpya. Chukua ya sentimita 110. Ya 80 ni rahisi kubeba lakini inafunika shavu tu na kuliacha bega liking'aa, na bega lenye kanzu nyeupe lina kelele sana kwenye picha. Zile kubwa za umbo la yai ni nzuri zaidi kwa mtu aliyesimama, ukiwa na msaidizi mrefu na mahali pasipo na upepo.

Dukani, usilipe ikiwa bado ndani ya mfuko. Ifungue, uikunje na kuifungua tena uone kama pete inarudi duara bila kupinda. Vuta zipu mzunguko mzima. Kisha toka nayo hadi mlangoni, ukielekeze kile kitambaa cheusi juani. Kikikurudishia mwanga machoni mwambie muuzaji akuletee nyingine, na kama zote ni hivyo, mwombe akupunguzie shilingi 10,000 za pamba na fundi.